Mhusika kabakiza mrusho mmoja wa dadu afe: nimwokoe au niache?

mlinda_daraja

Wakuu habari za leo. Naombeni mawazo kabla ya Jumamosi, hili jambo linanikosesha usingizi.

Nina kundi la watu watano hapa Dar, mimi ndiye DM, yaani mwendesha mchezo, tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kampeni ni moja hiyo hiyo tangu mwaka jana na wote wameshafika levo ya 5. Sesheni iliyopita walikuwa wanavuka korongo kwa daraja la kamba, ng'ambo kuna mazimwi mawili. Zuhura, mwizi wa kundi, akatangulia maana ndiye mwenye mbio, akafika, zimwi moja likakata kamba, daraja likaenda chini, wenzake wote wamebaki huku yeye yuko kule. Alikuwa tayari na majeraha ya pambano la kabla, rungu mbili tu HP, yaani pointi zake za uhai, zikafika sifuri.

Sheria mnaijua, ukiwa sifuri kila ikifika zamu yako unarusha d20, dadu ya pande 20, kuanzia 10 umepata, chini ya hapo umekosa, ukipata mara tatu umetulia, ukikosa mara tatu ndiyo basi tena. Akarusha 6, kakosa. Zamu iliyofuata 12, kapata. Iliyofuata tena 4, kakosa. Muda ukawa umeisha na mwenye nyumba anaitaka sebule yake, tukafunga pale pale. Zimwi moja wenzake wameshaliua kwa mishale, limebaki la pili. Kuhani wetu kamaliza uganga wake wote wa siku. Askari kashuka korongoni na sasa anapanda ukingo wa pili, atamfikia, ila mpangilio wa zamu ni Zuhura kwanza, halafu zimwi, ndipo askari.

Mchezaji wake anampenda huyo Zuhura si kidogo. Kamchora kwa mkono, ana daftari zima la historia yake, kuna mdogo wake aliyepotea anamtafuta tangu sesheni ya kwanza na bado hatujafika huko. Rafiki yangu mmoja ambaye naye ni DM ananiambia dadu hiyo niichukue mimi nirushe nyuma ya skrini inayoficha dadu zangu, niseme 14 hata ikitoka 2. Mwingine anasema kufa ni kufa. Nyie kwenye meza zenu mnafanyaje? Asanteni.

pande_ishirini

Mkuu usiirushe nyuma ya skrini, nakuomba sana. Nimekuwa DM muda mrefu na hili ndilo jambo ambalo sijawahi kuyumba. Kwenye toleo la tano dadu ya kifo ni ya mchezaji, anairusha kwa mkono wake wenzake wakimwangalia, sasa zote tatu za mwanzo karusha yeye halafu hii ya nne inayoamua ndiyo unaichukua wewe ghafla? Watajua, hata wasiposema. Na wakishajua, hasara haiishii kwa Zuhura, inarudi nyuma mpaka kwenye kila pambano walilowahi kushinda kwa shida, wataanza kujiuliza pale walishinda au walishindishwa, na wewe huna namna ya kuwathibitishia.

Sisemi umuue. Ninachosema ni kwamba huruma yako iweke kabla ya dadu, isiwe baada ya dadu. Ona, wewe unaogopa mrusho wa Zuhura lakini jambo zito zaidi ni zamu ya zimwi, na hiyo iko mikononi mwako moja kwa moja. Mtu akiwa hana fahamu, adui aliye ndani ya futi 5 akimpata tu, pigo linahesabiwa kritiko, yaani pigo la nguvu zaidi, na kritiko ukiwa sifuri ni makosa mawili kwa mpigo. Yeye tayari anayo mawili. Kwa hiyo hata akirusha 19, zimwi likiamua kumshindilia tena pale chini amekwisha, na hapo hakuna dadu ya kusingizia, umeamua wewe.

Sasa jiulize zimwi linataka nini. Lina njaa, kitoweo kimeshaanguka hakitoroki, mwenzake kauawa, na kuna mtu mwenye panga anatokeza kichwa ukingoni. Mimi lingemgeukia huyo mwenye panga. Au lingemshika Zuhura mguu likamkokota kuelekea pangoni, hiyo nayo ni tabia ya zimwi kabisa, na askari anapata kitu cha kufanya badala ya kufika kukuta maiti. Amua sasa hivi, andika kwenye karatasi yako, Jumamosi usibadilishe kulingana na dadu ilivyoanguka.

Halafu kabla hajarusha waambie wote hali ilivyo kwa sauti. Mrusho huu mmoja ana namba 11 kati ya 20, asilimia 55. Asipopata msaada wowote mpaka mwisho, kwa hiyo moja aliyopata na mbili alizokosa, nafasi ya kupona inashuka mpaka kama asilimia 32, na hapo nimeshaingiza ile 20 inayomwamsha mtu na HP 1. Wakiisikia hiyo hesabu watajua askari akifika ana maana gani. Akiwa na mfuko wa tiba hahitaji hata dadu, anautumia tu na mgonjwa ametulia, bila mfuko ni mtihani wa utabibu, arushe afikie 10. Na kama Zuhura ana Inspiration, ile zawadi ya DM inayoboresha mrusho, hajaitumia, mkumbushe, kwenye dadu ya kifo inakubalika. Kumkumbusha mchezaji silaha aliyonayo ni kazi yako, wala si upendeleo.

msee_wa_meza

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, meza yetu tunaona hii kitu tofauti kidogo na buda hapo juu, ingawa hiyo ya skrini nakubaliana naye mia kwa mia, kudanganya dadu hapana.

Lakini mbona tunachukulia kwamba kuna majibu mawili pekee, kuishi ama kufa? Hawa ni watu wazima wametoka job wiki nzima, wamekaa kwa jam, wamekuja kucheza. Zuhura akifa kwa daraja na zimwi ambalo hata halina jina, ile story ya mdogo wake inakatika katikati na hakuna mtu mezani amefaidika. Mimi ningemuuliza mchezaji mwenyewe kabla ya siku. Namuita kando, namwambia dadu ikikataa kuna njia mbili, Zuhura aende kabisa, ama abaki lakini kuna kitu anapoteza ambacho hakirudi, mkono, jicho, ile sauti yake, ama kuna mtu ng'ambo ile amemdai deni. Achague yeye.

Hii sijaitoa hewani, kuna gemu zimejengwa hivyo. Dungeon World mhusika akikata roho anarusha dadu mbili za pande 6, akipata 10 ama zaidi amemponyoka Kifo, 7 hadi 9 Kifo mwenyewe anakuja na ofa, ukikubali unarudi ukikataa unaenda, 6 kushuka chini hakuna mjadala. Mimi hiyo nimeiingiza kwa D&D yetu kwa ile dakika ya mwisho na inafanya kazi poa sana, kwa sababu bado inauma. Mchezaji mmoja wetu alipewa ofa akubali kwamba hakuna mtu wa kijiji chake atamkumbuka tena, na akakubali, na kila tukipita hicho kijiji meza yote inanyamaza. Ingekuwa amekufa tu tungeshasahau.

Blades in the Dark nayo, mtu akizidiwa anabeba kovu la akili, la nne likiingia mhusika ndiyo amestaafu hiyo maisha. Kuna njia mingi ya kufanya hatari iwe ya kweli bila kaburi.

pande_ishirini

@msee_wa_meza nakuelewa kaka, na hiyo ofa ya Kifo naipenda. Ila iwe sheria ya meza nzima, itangazwe kwa wote, na itumike kwa kila mtu kuanzia siku hiyo. Ukimpa Zuhura peke yake kwa sababu ana daftari na michoro, yule mchezaji mwingine ambaye hachori wala haandiki lakini anakuja kila Jumamosi bila kukosa anajifunza kwamba mhusika wake ni wa bei rahisi. Hilo nimeliona likivunja kundi, watu walikuja wanapungua mmoja mmoja na hakuna aliyesema kwa nini.

msee_wa_meza

Hapo sina ubishi. Itangazwe kwa wote.

nuru_ya_paladini

Assalam alaikum ndugu zangu. Mimi si DM, nacheza tu, na naona hapa wanaongea waendesha mchezo watupu, basi nikasema niwape na upande wa aliyefiwa na mhusika.

Paladini wangu, askari mtakatifu, aliuawa na joka, kwa dadu ya wazi, nilirusha mwenyewe nikapata 1, na 1 inahesabiwa makosa mawili. Nililia, sioni haya kusema. Na kama DM wetu angenificha nikaja kujua baadaye ningemkasirikia zaidi kuliko nilivyomlilia paladini, maana yule alikufa akiwa ameziba mlango wenzake wapite, kile kitendo ni changu, ukiniondolea kifo umeniondolea na kitendo.

Kilichonisaidia ni alivyofanya baada ya hapo. Kwanza hakusema "haya, zamu ya nani". Alisimamisha mchezo, akaniuliza nataka nimalizie mwenyewe, nikaeleza paladini anasema nini, anamwangalia nani, upanga unaangukia wapi. Watu wakanisikiliza mpaka mwisho. Pili alinipa kitu cha kucheza palepale, kulikuwa na mpagazi mmoja wa msafara hata jina hana, akaniambia huyu sasa ni wako mpaka usiku uishe, maana jamani hakuna adhabu mbaya kama kukaa saa nzima unaangalia wenzio wakirusha dadu wewe unakunywa chai. Mpagazi yule alikuwa mwoga sana nikamcheza kwa bidii zote, wenzangu wakamzoea.

Tatu, sesheni iliyofuata tukaanza na matanga. Walirudi kijijini kwa paladini, kila mhusika akaketi kwenye mkeka akasema jambo moja analolikumbuka kuhusu marehemu, na mmoja aliyekuwa akigombana naye kila siku ndiye aliyeongea kwa uchungu zaidi. Upanga akapewa yeye. Haikuchukua hata nusu saa na nilitoka pale moyo umetulia, nikawa tayari kuleta mhusika mwingine.

Ila @mlinda_daraja nikuombe jambo moja, mjue mchezaji wako hali yake kwanza. Kama nyumbani kwao kuna mgonjwa mahututi, au kumetoka msiba juzi juzi, Jumamosi hii si ya dadu ya kifo kabisa, ahirisha, chezeni kitu kingine. Mtu aliyezika si muda mrefu usimkalishe mezani aeleze anavyokata roho. Muulize faraghani, kwa upole, naye akikwambia yuko sawa mwamini.

karatasi_ya_zamani

Maneno ya dada hapo juu yasomwe mara mbili.

Mimi naongezea hili, mzozo wenu ni wa zamani kama gemu lenyewe. D&D ya kwanza ya 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, HP zikifika sifuri umekufa, hakuna cha kurusha mara tatu. Mwaka 1975 Gygax akapeleka mkasa wa Tomb of Horrors kwenye mashindano ya mkutano wa michezo wa Origins, kaburi limejaa mitego ya kumaliza hata wahusika wa levo za juu, na watu walikaa wakijua hivyo. Traveller ya 1977 mhusika wako anaweza kufa wakati bado unamtengeneza, hujacheza hata dakika moja. Paranoia ya 1984 kila mtu anapewa kloni sita, akifa anashuka mwingine, kifo pale ni kichekesho na ndiyo raha yake. Call of Cthulhu ya 1981 wengi wanaogopa kupoteza akili kuliko kupoteza HP. Kwa hiyo anayesema "gemu la kweli ni lazima watu wafe" na anayesema "gemu la kweli ni hadithi" wote wanaongelea gemu zao. Kinachoharibu ni meza moja kuwa na watu wanaodhani wako kwenye gemu mbili tofauti. Ndiyo maana kuna sesheni sifuri, mnakaa kabla ya kampeni mnaulizana hapa watu wanafaje, wanarudi au hawarudi, nini kisioneshwe kabisa. Kama hamkuwahi kukaa, kaeni Jumamosi kabla ya mrusho, dakika 20 zinatosha, hakuna sheria inayosema sesheni sifuri lazima iwe mwanzo.

Jambo la pili, kwa D&D kifo si mwisho wa njia, kina gharama tu, na gharama hiyo ni kampeni nzuri ikiachwa ifanye kazi. Revivify ni uganga wa levo ya 3 (levo za uganga si zile za wahusika), kuhani wa levo ya 5 anao, unamrudisha mtu ndani ya dakika 1 tangu afe kwa almasi ya thamani ya sarafu 300 za dhahabu ambayo inateketea. Kuhani wenu kaishiwa, basi huo umepita. Unaofuata ni Raise Dead, wa levo ya 5, unahitaji kuhani wa levo ya 9, almasi ya dhahabu 500, na maiti isiyozidi siku 10 na iliyo kamili, kichwa kikikosekana hakuna kitu. Sasa fikiria hao wanne wamembeba Zuhura kwenye machela, daraja halipo, mji wenye kuhani mkubwa uko mbali, siku zinahesabika, almasi hawana. Kila usiku unawauliza mnalala au mnatembea. Hapo kifo kimekupa safari nzima ambayo usingeitunga mwenyewe. Na akirudi anarudi dhaifu, anatoa 4 kwenye mirusho yake na inapungua moja kila akilala usiku mzima.

Kuna sharti ambalo ma-DM wengi wanalipita haraka, roho lazima ikubali kurudi. Hilo ni swali kwa mchezaji. Wengine wakifika hapo wanakwambia hapana, yake imeisha, nina mhusika mwingine. Mheshimu.

Ila almasi usizimwage. Duka la kila kijiji likiuza almasi za dhahabu 300, kifo kinakuwa nauli tu. Kwangu almasi ya ukubwa huo inajulikana iko kwa nani, na mwenye nayo ana sababu ya kutoiuza.

mlinda_daraja

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote na nimefanya kazi ya nyumbani.

Nimeongea na mchezaji wa Zuhura faraghani kama dada alivyoshauri. Nyumbani kwao kuko salama. Nilipomuuliza kuhusu dadu hakuniacha hata nimalize, kasema anarusha mwenyewe, mezani, na nikimpa huruma ya kificho anaacha gemu. Ofa ya Kifo nimemweleza na nimeituma kwenye grupu kwa wote, wanne wamekubali, mmoja kasema ofa iwepo ila iwe mara moja tu kwa kila mhusika katika kampeni nzima, wengine wakaunga mkono hilo, ndiyo sheria yetu sasa. Jumamosi tutaanza na mazungumzo mafupi halafu ndiyo mrusho.

Zimwi nimeshaliandikia, linamkokota kuelekea pangoni, futi 20 kwa zamu, halimpigi. Liwe limeona panga au halijaona. Karatasi nimeifunga kwenye bahasha na mwenye nyumba anakaa nayo.

Swali la mwisho, ikitokea kafa na ofa kaikataa, mhusika mpya aanze levo ya ngapi? Kuna mtu kaniambia levo ya 1, eti ndiyo heshima ya kifo.

pande_ishirini

Levo ya 5 kama wenzake mkuu. Levo ya 1 katikati ya watu wa levo ya 5 atakuwa na HP kama 9 hivi, zimwi likimpata mara moja tu yuko chini tena, mtarudi hapa na swali hilo hilo wiki ijayo. Kuanza chini kulikuwa na maana kwenye matoleo ya zamani ambako watu walipanda levo kwa kasi tofauti na kila mtu alikuwa na wahusika wengi. Kapoteza mhusika, inatosha, usimwongezee na wiki nyingi za kubebwa.

Vitu vya Zuhura vibaki na kundi wagawane wenyewe, mhusika mpya aje na vyake vya kawaida. Na asisubiri wafike mjini ndipo atokee. Mle pangoni kwa zimwi weka mateka mmoja aliyefungwa kamba, jina na sura aachiwe mchezaji. Zuhura akipona, huyo mateka ni mtu wa kuokolewa tu, hujapoteza kitu.

nuru_ya_paladini

Na huyo mateka awe amewahi kumwona yule mdogo wake Zuhura. Apone asipone, utafutaji uendelee.